Samaki Aitwaye Singida: Mageuko, Ukanamungu na Imani ya Kikristo

Magharibi ya mji wa Singida, katika uwanda wa juu wenye miamba ya matale na vichaka vya miiba, pako mahali paitwapo Mahenge. Hapa si pale Mahenge ya Ulanga, mkoani Morogoro, iliyo mashuhuri kwa habari za Vita vya Maji Maji. Umashuhuri wa Mahenge ya Singida umo katika mawe yake. Ndani ya mawe hayo, yapasukayo kwa tabaka nyembamba mithili ya kurasa za kitabu, wamelala samaki, vyura, majani ya miti na hata popo, ambao waliishi zama nyingi kabla ya kuwako binadamu yeyote duniani.

Mmoja wa samaki hao anaitwa Singida. Jina hilo si la kienyeji wala la wavuvi. Ni jina rasmi la kisayansi, Singida jacksonoides, alilopewa mwaka 1967 na wataalamu wawili wa Makumbusho ya Uingereza, P. H. Greenwood na Colin Patterson. Greenwood alikuwa akiijua Afrika Mashariki vizuri, kwa kuwa alikwisha kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda. Patterson alikuwa mtaalamu wa samaki wa kale. Kama itakavyoonekana, huyu wa pili alijikuta baadaye, pasipo kutaka, akitajwa kuwa shahidi katika shauri kubwa lihusulo mageuko ya viumbe na imani juu ya Muumba.

Shauri hilo halijakwisha. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania amekutana na mageuko mara mbili: kwanza katika somo la Historia, akisoma chimbuko la binadamu, kisha katika Biolojia. Kati ya vipindi hivyo na ibada ya Jumapili, au ya Jumamosi kwa Waadventista, husikia habari ambayo huonekana kuwa kinyume kabisa. Wengi huamua kukariri nadharia kwa ajili ya mtihani na kuiacha mlangoni watokapo. Wapo walimu pia ambao hulipitia somo hili mbio mbio, wakichelea kuulizwa swali moja tu: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?" Uchaguzi huo, baina ya darasa na kanisa, si mdogo kwa kijana wa miaka kumi na saba, na anastahili kupewa hoja kamili badala ya kuachwa apapase peke yake.

Ziwa lililokauka

Visukuku vya Mahenge havikutafutwa. Vilipatikana kwa sababu ya almasi. Baada ya John Williamson kugundua almasi za Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, wajiolojia walisambaa katika nyanda za kati wakitafuta miamba ya aina ile ile, iitwayo kimbalaiti. Mwamba huu hutoka chini sana ardhini na kupasuka kwa kishindo juu ya uso wa nchi, ukiacha shimo kubwa, yaani kasoko. Mjiolojia George Mannard aliichunguza miamba hiyo katika eneo la Singida, na jina lake limehifadhiwa katika jina la popo wa Mahenge, Tanzanycteris mannardi.

Kasoko la Mahenge lilijaa maji, likawa ziwa dogo lenye kina. Matope laini yalitua chini pole pole, tabaka juu ya tabaka. Maji ya chini ya ziwa la namna hiyo huwa na upungufu wa oksijeni, hivyo mzoga uzamao hauliwi wala hauozi upesi, bali hufunikwa ukiwa mzima. Ndiyo maana mifupa myembamba ya popo, ambayo kwa kawaida husagika na kupotea, imesalia. Umbo la sikio la ndani la popo huyo linaonyesha kwamba yumkini alikwisha kuwa na uwezo wa kuwinda gizani kwa mwangwi, kama wafanyavyo popo wengi hivi leo.

Je, umri wa ziwa hilo ulijulikanaje? Hapa ndipo wasomaji wengi huhisi kwamba wanasayansi wanabahatisha, na inafaa kueleza kwa utulivu. Ndani ya miamba itokanayo na moto wa ardhini mna chembe ndogo za madini yaitwayo zirikoni. Chembe hizo zinapoumbika hupokea atomi za urani lakini hukataa atomi za risasi. Urani nayo haitulii: hugeuka kuwa risasi kwa mwendo uliopimwa katika maabara, kiasi kwamba nusu ya urani ya aina ya 238 hugeuka katika muda wa miaka takriban milioni 4,470. Kwa hiyo risasi ikutwayo ndani ya zirikoni ni mtoto wa urani, na kadiri mtoto alivyokua ndivyo umri wa mwamba ulivyo mkubwa. Zirikoni za Mahenge zilitoa umri wa karibu miaka milioni 46. Maana yake ni kwamba katika kila atomi 1,000 za urani zilizokuwamo hapo mwanzo, zipatazo 7 tu ndizo zilizokwisha kugeuka. Huo ni umri wa mlipuko, si wa samaki wenyewe. Lakini makasoko ya aina hii hujaa matope haraka kwa kipimo cha jiolojia, kwa hiyo tofauti si kubwa.

Wapo Wakristo wasemao kwamba visukuku vyote ni mabaki ya Gharika ya Nuhu. Dai hilo linahusu maumbile, na kwa hiyo laweza kupimwa kwa maumbile. Samaki wa Mahenge ni wa maji baridi, wa ziwa moja. Wamelala katika matope laini yaliyotua kwa utulivu, wala hakuna mchanganyiko wa viumbe wa bahari, wa mito na wa nchi kavu uwezao kutazamiwa katika mafuriko ya dunia nzima. Mtu aweza kuiamini Gharika kwa sababu zake za kidini, lakini mawe ya Mahenge hayamsaidii.

Ndugu waliotawanyika

Mwaka 1959 samaki mdogo wa ajabu alitangazwa kwa mara ya kwanza kutoka katika mito ya Afrika Magharibi. Kichwa chake kimefunikwa na vijimeno vidogo vidogo, naye hana ndugu wa karibu aliye hai popote. Aliitwa Denticeps. Mwaka uliofuata, 1960, Greenwood aliwatangaza samaki wenye vijimeno kama hivyo kutoka katika mawe ya Singida, akawaita Palaeodenticeps. Jamii ambayo leo imebanwa katika mito michache ya huko magharibi iliwahi kuwa na makao katikati ya Tanzania.

Kisha wako perege. Mtu wa Singida amjuaye perege wa Ziwa Kitangiri atavutiwa kusikia kwamba jamaa wa samaki huyo waliogelea Mahenge. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 na mtaalamu Alison Murray ulitenga aina tano za jamii ya perege katika ziwa hilo moja, zote zikipewa jina la Mahengechromis. Nao ni miongoni mwa samaki wa kale kabisa wa jamii hiyo wanaojulikana duniani. Aina tano katika kasoko moja dogo ni jambo la kufikirisha. Katika Ziwa Victoria, ambalo lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, wamekuwapo samaki wa jamii hii zaidi ya aina 500, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote. Yaelekea tabia ya jamii hii ya kugawanyika upesi katika aina nyingi ni ya zamani sana.

Mwanasayansi wa mageuko huyaona haya yote kuwa habari za ukoo. Samaki walio hai na samaki wa mawe wanafanana si kwa bahati, bali kwa sababu ya nasaba. Hata hivyo, neno "nasaba" lina mtego ndani yake, na mtego huo ndio uliomnasa Patterson.

Neno lenyewe na uzito wake

Kabla ya kufika kwa Patterson, inafaa kutua kidogo kwenye lugha. Kiswahili husema "nadharia na vitendo", na kwa hiyo katika masikio ya wengi nadharia ni maneno ya kitabuni yasiyo na vitendo. Katika sayansi neno hilo lina maana nyingine: ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyothibitishwa, na yaliyo tayari kupimwa tena. Ndivyo isemwavyo nadharia ya atomi, wala hakuna mwanafunzi asemaye kwamba atomi ni uvumi.

Neno "mageuko" lina shida kubwa zaidi. Linatokana na kugeuka, na kugeuka katika hadithi ni jambo la ghafla: mtu huingia kichakani, akatoka mnyama. Singida ina kumbukumbu nzito ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 habari za watu-simba wa Singida zilivuma hadi nje ya nchi. Yalikuwa mauaji ya kweli, nao watu wengi waliamini kwamba wauaji walikuwa watu waliogeuzwa simba. Kijana aliyelelewa akisikia mambo hayo, kisha akaambiwa darasani kwamba "nyani aligeuka mtu", hana budi kuiweka habari hiyo katika kabati lile lile la hadithi za kutisha. Wala hawezi kulaumiwa.

Lakini biolojia haisemi hivyo. Hakuna nyani hata mmoja aliyegeuka mtu, na nyani wa leo si babu wa mtu yeyote. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi hata kizazi, kwa kuwa watoto hutofautiana na kwa kuwa baadhi ya tofauti humsaidia mwenye nazo kuishi na kuzaa. Mkulima wa Iramba achaguaye masuke bora ya mtama kwa mbegu anaijua nusu ya jambo hili. Nusu ya pili ni kwamba ukame, maradhi na njaa navyo huchagua, ingawa havina nia. Vijidudu vya malaria vimeonyesha hivyo waziwazi. Klorokwini iliua vijidudu vingi, vichache vilivyoistahimili vikazaana, hata Tanzania ikalazimika kuiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 ikabadili tena sera na kuingia katika dawa mseto. Hayo ni mageuko, nayo hutokea hata katika zahanati iliyo karibu na kanisa.

Barua ya Patterson

Mwaka 1978 Patterson alitoa kitabu juu ya mageuko kwa wasomaji wa kawaida. Mhandisi mmoja wa Marekani, Luther Sunderland, mpinzani wa mageuko, akamwandikia akiuliza kwa nini kitabu hakina picha za visukuku vya viumbe vya mpito. Patterson alimjibu Aprili 1979 kwa uwazi uliomgharimu baadaye: hakuna kisukuku hata kimoja ambacho angeweza kuthibitisha pasipo shaka kuwa ni babu wa moja kwa moja wa kiumbe kingine. Novemba 1981, mjini New York, aliwahutubia wataalamu wenzake kwa maneno makali zaidi, akiwauliza kama kuna jambo lolote walilolijua kwa hakika juu ya mageuko. Hotuba hiyo ilirekodiwa bila yeye kujua, na tangu hapo maneno yake yamekuwa yakisambazwa katika vijitabu na mahubiri kama ungamo la mwanasayansi mkuu kwamba mageuko ni uongo.

Je, ndivyo alivyosema? Mfano wa Mahenge watosha kujibu. Palaeodenticeps wa Singida na Denticeps wa Afrika Magharibi ni ndugu. Vijimeno vyao na mifupa yao yashuhudia. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba samaki huyu aliyelala katika jiwe hili ndiye aliyemzaa aliyemzaa yule wa leo. Pengine alikufa bila mtoto. Pengine ukoo wake wote ulikwisha pale kasokoni, na ukoo mwingine uliofanana naye ndio uliofika magharibi. Mtu akifukua kaburi la kale katika shamba la ukoo wake, aweza kujua kwa dalili kwamba marehemu ni wa ukoo huo, lakini asiweze kusema kama ni babu yake mzaa baba au ni ndugu wa babu aliyekufa kijana. Kutojua hilo hakumfanyi aukane ukoo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya Patterson: visukuku huonyesha undugu, lakini si vyeti vya kuzaliwa, na wenzake walikuwa wepesi mno kuvitumia kama vyeti. Mwaka 1993, alipoulizwa kwa barua, alithibitisha kwamba tafsiri waliyoitoa wapinzani wa mageuko haikuwa sahihi. Alifariki mwaka 1998, na maneno yake bado yanazungushwa yakiwa yamekatwa miguu.

Tukio hili lina fundisho kwa pande zote mbili, na upande wa sayansi usijitoe. Ukali wa Patterson ulikuwa na haki: mwalimu achoraye ubaoni mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwa nyani hadi kwa mtu aliyesimama wima, anafundisha jambo ambalo visukuku havikulisema.

Waumini na wakanamungu

Kwa upande wa Kikristo hakuna sauti moja, na ni kosa kusema "kanisa linapinga". Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, alifundisha kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe siku za jua, akawaonya Wakristo wasiyaabishe Maandiko kwa kusema upuuzi juu ya mambo ya maumbile mbele ya wanaoyajua. Luther, kwa upande wake, alizichukua siku sita kama zilivyoandikwa. Katika Kanisa Katoliki, ambalo jimbo lake la Singida liliundwa mwaka 1972, Papa Pius wa 12 alikwisha kuruhusu mwaka 1950 uchunguzi wa mageuko ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja; na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba mageuko yamekwisha kuwa zaidi ya dhana tu. Makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kiadventista hushika siku sita halisi. Waislamu wa Singida nao, ambao ni wengi, wana mjadala wao wenye hoja zake, unaostahili makala yake.

Yapo maswali mazito ambayo kukubali umri wa zirikoni hakuyamalizi. Ikiwa viumbe walikufa kwa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, mauti yaliingiaje kwa dhambi? Mfano wa Mungu ndani ya mtu ulianza lini? Kuyafanya maswali haya kuwa madogo si haki kwa muumini. Ni ya theolojia, nayo theolojia inayafanyia kazi.

Ukanamungu nao umetafuta ushahidi katika mageuko. Mtetezi wake mashuhuri kuliko wote wa siku hizi, Richard Dawkins, alizaliwa Nairobi mwaka 1941. Yeye hushikilia kwamba kabla ya Darwin ilikuwa vigumu kueleza ufundi wa jicho au bawa pasipo fundi, na kwamba Darwin ameuondoa ugumu huo. Hoja hii ina nguvu dhidi ya mtu aliyejenga imani yake yote juu ya ufundi wa jicho. Lakini kutoka "fundi hakuhitajika hapa" hadi "hakuna Mungu" ni hatua isiyopimwa kwa darubini. Darwin mwenyewe, aliyepoteza imani yake pole pole, hakujiita mkana Mungu, na aliandika mwaka 1879 kwamba mtu aweza kumwamini Mungu kwa dhati na kukubali mageuko. Theodosius Dobzhansky na Ronald Fisher, miongoni mwa waliojenga nadharia ya mageuko katika karne ya 20, walikuwa Wakristo. Louis Leakey, ambaye kazi yake na ya mkewe Mary kule Olduvai iliifanya Tanzania ijulikane duniani kwa chimbuko la binadamu, alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kabete, Kenya, na ujanani alikusudia kuwa mmisionari.

Mgongano ukitokea, hutokea hadharani. Mwaka 2006 Askofu Bonifes Adoyo wa Nairobi aliongoza kampeni ya kuitaka Makumbusho ya Taifa ya Kenya isiyape nafasi kubwa mabaki ya binadamu wa kale, akiwamo kijana wa Turkana. Richard Leakey alimpinga vikali, na mabaki hayo yakaonyeshwa. Miaka kumi baadaye, 2016, chama cha wakanamungu cha Kenya kilisajiliwa, kisha usajili wake ukasimamishwa katika muda wa miezi michache kabla ya kurejeshwa. Katika matukio yote mawili upande mmoja ulitaka mwingine usionekane. Singida haijapata kuona kelele za namna hiyo; huku mjadala umekaa kimya ndani ya vichwa vya wanafunzi, na kimya hicho si dalili ya amani.

Mwalimu atakayeulizwa kama anaamini ana haki ya kujibu au kutojibu, kwa kuwa imani yake ni yake. Lakini swali jingine, kwamba risasi iliyomo katika zirikoni imetoka wapi, si la imani, na hilo hana haki ya kulikwepa. Aweza kuwagawia wanafunzi mahesabu ya nusu-uhai wa urani, akawaacha wauone wenyewe umri wa Mahenge, mlokole, Mkatoliki na asiyeamini wakitumia kalamu moja na jedwali moja. Jawabu litakuwa lile lile.

Wanasayansi nao wana ugomvi wao usiokwisha juu ya mawe haya. Jamii ya perege inapatikana Afrika na Amerika ya Kusini pia, nayo mabara hayo yaliachana yapata miaka milioni 100 iliyopita, zaidi ya mara mbili ya umri wa Mahenge. Wengine husema jamii hiyo ni ya kale kuliko kutengana huko, na kwamba visukuku vyake vya zamani zaidi havijapatikana. Wengine hutumia mahesabu ya jeni kudai kwamba samaki hao walivuka bahari baadaye. Ziwa la Mahenge haliwezi kuukata ugomvi huo, maana lilijaa maji muda mrefu baada ya bahari kupita katikati. Itabidi kupata matope ya ziwa lililo la kale zaidi.